Safari yafika ukingoni: kutoka Ronda hadi Tarifa

Msomaji wangu mpendwa, wahenga walinena kwamba safari ni hatua. Walilosahau kutuambia ni kwamba hatua za mwisho ndizo nzito kuliko zote. Mwanzoni mtu huwa na hamu, mkoba mwepesi na senti mfukoni. Mwishoni hamu imepoa, mkoba umefura kwa vikorokoro, na senti zimekwenda na maji. Hapo ndipo watu wa nyumba moja hujuana vizuri.

Majuma mawili yaliyopita nilikusimulia juu ya msikiti mkuu wa Cordoba, ambao ujenzi wake ulianza mwaka wa 785 na ambao leo ni kanisa kuu, kisha nikakupitisha katika kasri la Alhambra mjini Granada. Leo, kama nilivyoahidi, namalizia.

Kwa faida ya wageni ukumbini, tulikuwa watu watano. Mimi, mama watoto, kifungua mimba wetu ambaye ni barobaro wa miaka 24, kitinda mimba wetu ambaye ni msichana wa shule ya upili, na shemeji yangu, mdogo wa mke wangu, ambaye ni muuguzi Uingereza. Shemeji ndiye aliyetualika, ndiye aliyekodi gari, na ndiye aliyekuwa dereva. Kule gari huendeshwa upande wa kulia wa barabara, na mimi nilipouona mzunguko wa kwanza nje ya uwanja wa ndege wa Malaga, nilishukuru kuwa abiria.

Kanuni yetu ilikuwa moja: hakuna kukimbizana na ramani. Saa mbili za barabarani kwa siku zinatosha. Ilikuwa likizo ya Aprili, jua la Uhispania lilikuwa bado la kiungwana, na kando ya barabara maua ya mwituni yalikuwa yametandazwa kama mkeka wa rangi. Tulisimama tulipotaka, tukala walipokula wenyeji, yaani chamcha saa nane mchana na chajio saa tatu au nne usiku. Mke wangu alilalamika siku ya kwanza kwamba huo ni wakati wa kuota ndoto, si wa kula samaki. Siku ya tano alikuwa amezoea kuliko sisi sote.

Basi zilikuwa zimetubakia siku nne tulipoingia Ronda.

Mji huu umekaa juu ya jabali lililopasuka katikati. Chini kabisa hupita mto Guadalevin, na juu ya ufa huo limejengwa daraja la mawe linaloitwa Puente Nuevo, maana yake Daraja Jipya. Jipya ni jina tu, kwani lilikamilika mwaka wa 1793 baada ya ujenzi uliodumu zaidi ya miaka 40. Kimo chake ni karibu mita 98. Hapo awali palikuwa na jingine lililojengwa haraka haraka mwaka wa 1735, na miaka sita baadaye likaporomoka na kuua watu wapatao 50. Ndipo wakaamua kujenga taratibu. Ndani ya daraja, juu ya upinde wa kati, mna chumba ambacho wakati fulani kilikuwa jela. Kitinda mimba wetu alichungulia bondeni mara moja tu, akarudi nyuma na kushika kanzu ya mama yake kama mtoto wa chekechea.

Usiku huo, tulipokuwa mezani kwenye uwanja mdogo, kijana wetu aliweka uma chini na kusema kwa sauti ya upole: "Baba, Mama, nimekuwa nikifikiria. Sijui kama nitapanda ndege ile Jumamosi."

Msomaji, kijiko changu kilisimama njiani.

Kijana huyu alihitimu chuo kikuu miaka miwili iliyopita. Shahada anayo, tai anayo, na bahasha za maombi ya kazi amezipeleka hata zimekwisha dukani. Alipata kibarua cha miezi mitatu, kikaisha. Akapata cha mwezi mmoja, hakulipwa. Sasa rafiki yake mmoja wa mtaani alikuwa amemtumia ujumbe wa simu kwamba huko Almeria, mashariki ya pwani hiyo hiyo ya kusini, kuna kazi tele za kuchuma nyanya na pilipili hoho katika vivungulio. Na kweli, Almeria ina maelfu ya hekta zilizofunikwa plastiki nyeupe, hata zinaonekana katika picha zilizopigwa kutoka angani. Mboga za majumbani mwa Ulaya wakati wa baridi hutoka hapo kwa wingi, na mikono inayozichuma mingi ni ya Waafrika.

"Viza yangu ingali na siku," akaendelea. "Nikishuka basi moja tu, niko kazini. Nani atanitafuta?"

Mke wangu hakupandisha sauti. Alifuta mdomo kwa kitambaa, akasema: "Nilitoka Nairobi na watoto wawili. Nitarudi Nairobi na watoto wawili." Kisha akaitisha maji.

Shemeji alitaka kusema jambo, nikamwashiria kwa jicho angoje. Kijana wa miaka 24 si wa kufokewa mbele ya wapita njia. Ukimfokea usiku, asubuhi utakuta kitanda kitupu. Nilimwambia tu: "Zimesalia siku nne. Tembea nazo zote, kisha uamue." Akakubali. Lakini tangu hapo, ingawa tuliendelea kucheka na kupiga picha, kila mmoja wetu alikuwa akihesabu vichwa garini.

Siku iliyofuata tulipanda milimani kuelekea Grazalema na Zahara. Hivi ni miongoni mwa vijiji vinavyoitwa vijiji vyeupe, kwa kuwa nyumba zake zote hupakwa chokaa. Chokaa hufukuza joto na wadudu, jambo ambalo mzee yeyote wa Lamu angeweza kuwaeleza bila kuombwa. Vichochoro ni vyembamba, milango ni mizito, na ndani ya nyumba kuna ua wenye vyungu vya maua. Grazalema, ajabu ya Mungu, ni mojawapo ya sehemu zinazopata mvua nyingi zaidi katika nchi hiyo tunayoidhania kuwa ya jua tupu. Tulinunua kipande cha jibini ya maziwa ya mbuzi, tukakila kwa mkate chini ya mti, huku tumbusi wakizunguka juu ya majabali bila haraka yoyote.

Njiani tuliona miti iliyovuliwa gome kutoka chini hadi kimo cha mtu aliyeinua mkono, shina likabaki jekundu kama limekwaruzwa. Hii ndiyo mialoni inayotoa vizibo vya chupa. Gome likishavuliwa, mti huachwa miaka isiyopungua tisa ndipo uvuliwe tena. Mkulima anayevua leo anajua kwamba mavuno yajayo huenda yakamkuta mwanawe. Nilimtupia kijana wetu jicho, lakini alikuwa akitazama dirishani.

Vijiji vingi vya upande huo vina jina lenye mkia "de la Frontera", yaani "ya mpakani": Arcos de la Frontera, Jerez de la Frontera, Vejer de la Frontera. Kwa muda wa karne mbili na zaidi hapa ndipo ulipopita mpaka baina ya wafalme Wakristo wa kaskazini na ufalme wa Kiislamu wa Granada. Zahara ilitekwa na jeshi la Granada mnamo Desemba 1481, na shambulio hilo likawasha vita vilivyokwisha Januari 1492 Granada yenyewe iliposalimu amri. Leo mpaka huo hauonekani. Mbuzi huvuka bila kuulizwa chochote.

Hapa ndipo kitinda mimba wetu alipotutoa katika unyamavu. Tangu Cordoba alikuwa na daftari ambamo aliandika maneno ya Kihispania yaliyomgonga sikio. Sukari wanaiita "azúcar". Zaituni ni "aceituna". Zafarani ni "azafrán". Mtu usiyemtaja jina ni "fulano", nasi twasema fulani. "Hasta luego" ndiyo kwaheri yao ya kuonana, na ile "hasta" ni ndugu wa "hata" yetu, kwani yote mawili yametoka katika Kiarabu. Meya wa mji ni "alcalde", neno lililozaliwa na lile lile lililotupa kadhi. Kipimo cha kale cha uzani kiliitwa "arroba", yaani robo. Na Gibraltar yenyewe ni Jabal Tariq, jabali la Tariq, yule jemadari aliyevuka kutoka Afrika mwaka wa 711.

"Na hawa nao?" akauliza, akitusomea ukurasa wa pili: "mesa" ni meza, "bandera" ni bendera. Hayo, nilimweleza, sisi tuliletewa na Wareno, na Wareno na Wahispania ni watoto wa Kilatini kimoja. Tena kuna uhusiano mwingine ambao wanafunzi wanaosoma ukurasa huu wataupenda. Ngome ya Fort Jesus mjini Mombasa ilianza kujengwa mwaka wa 1593. Wakati huo Ureno na Uhispania zilikuwa chini ya mfalme mmoja, Philip wa Pili wa Uhispania, na hali hiyo ilidumu tangu 1580 hadi 1640. Kwa hiyo mtoto wa Mombasa akifika Seville asijione mgeni kabisa. Habari zake zilitangulia.

Kijana wetu alicheka kwa mara ya kwanza siku hiyo. "Kumbe sisi ni wenyeji," akasema. "Basi mbona wanatudai viza?"

Hakuna aliyekuwa na jibu la haraka. Nikwambie ukweli, swali lile lilinipendeza.

Siku ya tatu tuliteremka hadi Cadiz, mji uliozungukwa na bahari karibu pande zote. Ulianzishwa na Wafoinike, wafanyabiashara wa kale kutoka pwani ya Lebanoni, na huhesabiwa miongoni mwa miji mikongwe kabisa ya Ulaya Magharibi. Tangu 1717 biashara yote ya Uhispania na makoloni yake ya Marekani iliongozwa kutoka hapa badala ya Seville. Wafanyabiashara walijenga minara juu ya nyumba zao ili kuchungulia merikebu zikirudi. Nami nilikuwa na merikebu yangu ya kuchungulia.

Katika mkahawa karibu na soko tuliletewa vitafunio vyembamba vya duwi la kamba wadogo, vilivyokaangwa kwa unga wa ngano uliochanganywa na unga wa dengu. Mke wangu aliuma kimoja, akatafakari, akatoa hukumu: "Hizi ni bajia za Ngara zilizooga baharini." Tukaagiza sahani tatu.

Baada ya kula, kijana wetu alikwenda kunyoosha miguu kando ya bahari. Nilimfuata kwa mbali, si kwa kumchunga, bali kwa kuwa nami nina miguu. Nilimkuta amesimama na mchuuzi mmoja Mwafrika, mtu wa makamo, aliyetandaza miwani ya jua na mikoba juu ya shuka. Pembe nne za shuka zilifungwa kamba, na ncha za kamba zote alizishika mkononi. Askari wa baraza wakitokea, huvuta mara moja, shuka hugeuka furushi, naye hushika njia. Sisi wa Nairobi tunaijua vizuri mbio hiyo. Ni kamba tu ambazo bado hatujaziiga.

Alikuwa Msenegali. Kiingereza chake kilikuwa cha kuokoteza lakini kilieleweka. Aliingia kwa mashua kupitia Visiwa vya Kanari, siku nane baharini. Ameishi Uhispania miaka mingi, amechuma nyanya, amebeba matofali, sasa anauza miwani. Chumba wanalala watu sita. Kijana wetu akamwuliza kama yeye, aliyekuja kwa ndege na viza mkononi, si angekuwa na mwanzo bora.

Mchuuzi alitabasamu. "Mwezi wa kwanza, ndiyo," akasema. "Baada ya hapo wewe na mimi tunalala chumba kimoja." Kisha akaongeza, bila kuulizwa, kwamba mama yake alifariki naye hakwenda kuzika. Angetoka bila karatasi, asingeweza kurudi, na nyumbani kulikuwa na watu saba waliokula kutokana na ile shuka. Alituma pesa za sanda.

Kijana wetu alinunua miwani. Hakuomba kupunguziwa.

Usiku wa tatu tulilala Vejer, kijiji cheupe juu ya kilima. Kuna sanamu huko ya mwanamke aliyevaa vazi jeusi la kufunika kichwa na mwili, likaacha jicho moja tu. Mke wangu aliizunguka mara mbili, akasema kwamba huyo anatafuta njia ya kwenda Mombasa, ila amekosa basi. Vazi hilo lilivaliwa na wanawake wa Vejer hadi lilipopigwa marufuku katika miaka ya 1930, na siku hizi hutolewa sandukuni wakati wa sherehe.

Pwani ya chini ya Vejer ni nchi ya jodari. Kuanzia mwisho wa Aprili jodari wakubwa wa Atlantiki huingia Bahari ya Mediterania kwenda kuzaa, na wavuvi huwawekea mtego wa nyavu zinazosimamishwa majini kama ukuta wenye vyumba. Samaki hufuata ukuta, huingia chumba cha kwanza, cha pili, kisha hajui mlango uko wapi. Huitwa "almadraba", jina la Kiarabu, lakini kazi yenyewe ni ya kale zaidi. Wavuvi wetu wa pwani, wenye kujenga uzio wa fito, wangeufahamu mara moja.

Wanawake walipokwenda kulala, tulibaki barazani mimi na kijana. Tukazungumza kama watu wazima wawili. Nilimweleza ninayoyajua: viza ya utalii ya nchi za Schengen humruhusu mtu kukaa siku zisizozidi 90 katika kipindi cha siku 180, na haimruhusu kufanya kazi. Siku zikipita, jina lake linaingia katika vitabu vya watu wasiotakiwa, na akifukuzwa anaweza kuzuiwa kurudi kwa miaka. Ni kweli kwamba sheria ya Uhispania humpa aliyekaa miaka kadhaa nafasi ya kuomba kibali, akiwa na kazi ya kuonyesha na rekodi safi. Lakini miaka hiyo kadhaa lazima uiishi. Ukiugua, ukidhulumiwa mshahara, ukipigwa, utakwenda kwa askari gani?

Alisikiliza hadi mwisho. Kisha akanijibu jambo lililonikaa moyoni: "Baba, hayo yote nayajua. Niambie na upande wa pili. Nikirudi, narudi kufanya nini?"

Mzazi mwenzangu, hilo ndilo swali. Hatuwezi kulijibu kwa methali. Nilimwambia kwamba kazi sina ya kumpa, wala sitamdanganya kwamba kuna mjomba ofisini. Nilichonacho ni chumba chake, sahani yake, na jina safi katika pasipoti. Hayo matatu ni mtaji mdogo, lakini ukiupoteza, haukopeshwi mahali. Akanyamaza. Tukasikiliza upepo.

Upepo huo ulitupokea rasmi Tarifa siku ya nne. Huu ni mji wa mwisho kabisa kusini mwa bara la Ulaya. Umepewa jina la Tarif, aliyetua hapo mwaka wa 710, mwaka mmoja kabla ya Tariq. Upepo huvuma kiasi cha kupeperusha maneno mdomoni, ndiyo maana vilima vyake vimejaa vinu vya umeme na ufuo wake umejaa vijana wanaovutwa na tiara juu ya maji. Tulisimama ukutani, na mbele yetu, si kwa darubini bali kwa macho makavu, tukaiona Afrika.

Naam, Afrika. Milima ya Moroko imesimama pale kama jirani aliyetoka nje ya mlango wake. Mahali palipo pembamba zaidi bahari ina upana wa kilomita 14 tu. Feri kutoka Tarifa hadi Tangier huchukua kama saa moja. Mke wangu alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akasema: "Mtu angeweza kupiga mbiu pale ikasikika hapa."

Juu yetu walikuwa wakipita mwewe, makumi kwa makumi, wakitoka Afrika kwenda kuzaliana Ulaya. Ndege wakubwa wa aina hii hupaa kwa kutegemea hewa ya joto inayopanda kutoka nchi kavu. Baharini hewa hiyo haipo, kwa hiyo hutafuta mahali penye maji machache wavuke haraka. Korongo nao hufanya vivyo hivyo. Wale korongo weupe tunaowaona mashambani Kenya hupita njia nyingine, upande wa Uturuki, lakini hesabu yao ni ile ile: vuka panapokaribiana.

Binadamu pia alipiga hesabu hiyo. Mnamo Novemba 1, 1988, siku ambayo Wahispania huzuru makaburi ya jamaa zao, mashua ndogo iliyotoka Moroko ilipatikana imezama karibu na ufuo wa Los Lances hapo Tarifa, na maiti ikalala mchangani. Tangu hapo maiti hazikukoma. Mwaka wa 1991 Uhispania ilianza kuwadai Wamoroko viza, na mashua zikaongezeka. Katika makaburi ya Tarifa kuna sehemu walimozikwa wahamiaji waliotolewa majini bila jina, na jiwe la kuwakumbuka.

Tulikwenda. Kitinda mimba wetu alikuwa amechuma maua ya mwituni, akayaweka. Hakuna aliyehubiri. Kijana wetu alisimama hapo kuliko sisi wote, miwani ya Msenegali ikiwa imefunika macho yake. Nilitaka kumwita, mama yake akanishika mkono. "Mwache," akasema.

Baadaye garini, tukielekea Malaga, alimgeukia shemeji na kumwuliza: "Mama Mdogo, wewe ulipitia wapi hasa?"

Ndipo shemeji alipopata nafasi aliyoingojea tangu Ronda. Akamsimulia: mtihani wa lugha, mtihani wa kazi, karatasi zilizorudishwa mara mbili, na majira ya baridi ya kwanza alipolia chooni kazini. "Lakini mama alipougua nilipanda ndege siku hiyo hiyo," akasema. "Nikarudi kazini baada ya mwezi, na hakuna aliyeniuliza kitu." Akamkumbusha kwamba Kenya ilitia saini makubaliano na Uingereza juu ya wahudumu wa afya mwaka wa 2021, na mengine na Ujerumani juu ya wafanyakazi wenye ujuzi mnamo Septemba 2024. Milango hiyo ni myembamba, ina foleni, na haimwingizi kila mtu. Lakini ni milango, si dirisha.

Usiku wa mwisho Malaga, mji alikozaliwa mchoraji Pablo Picasso mwaka wa 1881, tulikuwa tukipanga mikoba. Mke wangu huzibeba pasipoti zetu zote katika kibeti kimoja, ila ya kijana, ambaye alikuwa akijiwekea yake. Aliingia chumbani, akaiweka juu ya kitanda mbele ya mama yake, akasema: "Niwekee pamoja na nyingine." Akatoka kwenda kupiga mswaki. Mama watoto aliitia kibetini, akafunga zipu, kisha akakaa kitandani dakika nzima bila kusema neno.

Sitakudanganya, msomaji, kwamba alirudi akapata kazi kesho yake. Bado hajapata. Ila jioni tatu kwa wiki hupanda matatu kwenda kujifunza Kijerumani mjini, na asubuhi humsaidia jirani kuuza vipuri. Kuna siku hurudi amechoka na kuniuliza kama nina uhakika. Humjibu kwamba sina. Kisha tunakula.

Wazazi wenzangu, tuna mazoea ya kuwauliza vijana wetu wamefaulu vipi, na kusahau kuwauliza wanawaza nini. Kijana wetu alihitaji siku nne, mezani na barabarani, kulisema lililomkaa moyoni na kulitazama kwa macho yake mwenyewe. Pengine hiyo ndiyo faida kubwa ya kusafiri bila haraka, na kwa hiyo huhitaji kwenda Uhispania. Basi la kwenda ushago litakutosha, mradi uzime simu na uache mtoto amalize sentensi yake.

Na kwa wanaouliza bei: ada ya viza ya Schengen kwa mtu mzima ni yuro 90 tangu Juni 2024, na hairudishwi ukinyimwa. Omba mapema, beba taarifa zako za benki, na ukifika Cadiz, usiondoke bila kuonja zile bajia.

Tukutane Jumapili ijayo, Mola akitujalia.